Mzee, Unaona Kilima?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa nane, kiwanja cha ndege cha Kindu, mashariki mwa Kongo. Rubani wetu, ambaye huku kila mtu anamwita Komanda, ameegemea nguzo ya bawa la Cessna 206, simu kwenye sikio moja, kidole kwenye la pili ili kelele za vijana wanaopakia zisimsumbue. Anayeongea naye yuko Kasongo, kama kilomita 180 kwa njia ya ndege kuelekea kusini. Ni mzee anayelinda kiwanja cha huko. Anafyeka majani, anafukuza mbuzi ndege inapokaribia, na asubuhi kama hii anapokea simu.

“Huku hali nzuri, Komanda. Mvua hakuna.”

“Asante, Mzee. Mvua sijaiuliza. Nenda mwisho wa kiwanja, pale tunapogeuzia. Umefika? Mwembe wa njia panda unauona?”

“Nauona.”

“Majani yake?”

Kimya kidogo. “Mwembe nauona. Majani hayaachani, ni kama kivuli.”

“Bati la shule?”

“Bati leo silioni.”

“Kilima je?”

“Komanda, kilima hakuna.”

Komanda aliandika jibu hilo katika daftari dogo lenye jalada la plastiki. Nilichungulia. Chini ya jina la Kasongo kulikuwa na mistari mitatu: mwembe, kilomita 1, bati la shule, kilomita 3, kilima, kilomita 8. Umbali huo aliupima mwenyewe kwa pikipiki ya kukodi, akisoma mita ya kilomita, siku moja alipolazimika kulala huko.

Mfanyabiashara aliyeikodi ndege ile, mtu mwema aliyekubali kuniuzia kiti kimoja nyuma ya mizigo yake, alikasirika. “Lakini mzee amesema hali nzuri!”

“Mzee amesema kilima hakuna,” Komanda akamjibu, na akaenda kutafuta chai.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi. Tumezoea kudhani kwamba uamuzi wa kukatisha safari ya ndege ni wa rubani peke yake, huko juu, mikono ikiwa kwenye usukani. Asubuhi ile niliona uamuzi huo ukianzia ardhini, saa kadhaa kabla ya haja yake, na nikaona watu wanne au watano wakiushika kila mmoja kwa upande wake: mzee wa kiwanja, mwenye mzigo, vijana wa kupakia, mimi abiria. Tungeweza kumrahisishia Komanda kurudi, au kumfanya aone aibu kurudi.

Msomaji wa mbali akisikia habari ya ndege isiyoona njia anafikiria mvua. Kusini mwa jimbo hili la Maniema mvua ipo, na ni kali, tangu Septemba hadi Mei. Lakini Kasongo imekaa mahali msitu unapoachana na nyika, na kiangazi kikifika, kuanzia Juni hadi mwanzo wa Septemba, nyika inachomwa. Wawindaji wanachoma, wakulima wanachoma mashamba mapya, wachungaji wanachoma ili nyasi changa zichipue. Moshi wa hapo unaungana na ule unaotoka Katanga, na hata wa Angola na Zambia. Usiku hewa ya chini inapoa, ile ya juu yake inabaki na joto kidogo na kuwa kama kifuniko cha sufuria. Moshi unabanwa chini. Asubuhi ukungu wa mto Lualaba unajiunga nao. Jua linachomoza jekundu, duara kamili, unaweza kulitazama bila kuumia macho, na watu wanasema siku ni nzuri kwa sababu hakuna hata wingu moja.

Siku kama hiyo inamdanganya rubani kuliko siku ya radi. Radi unaiona na kuisikia, na wingu lake jeusi hata mtoto anajua kulikimbia. Moshi hauna ukingo. Haukupigi ukutani, unakupunguzia macho hatua kwa hatua, na kila hatua ni ndogo kiasi kwamba unasema: bado.

Kifuniko huanza kufunguka jua likipata nguvu, kuanzia saa tatu au saa nne. Ndiyo maana Komanda alikunywa chai yake bila haraka. Saa tatu alipiga simu tena. Mzee aliliona bati la shule, ila kilima bado. Komanda akasema tutajaribu, kwa sharti.

Hapo ndipo lilipokuja suala la gunia.

Mfanyabiashara alikuwa na magunia ya sukari, kila moja kilo 50, na alitaka yote yaende. Komanda akashusha moja. Nilimsikia akimweleza hesabu yake taratibu, kama mwalimu. Ndege hii inakula lita kama 60 za mafuta kwa saa. Kwenda Kasongo ni dakika 50 hadi 55. Kama kiwanja kimefungwa na moshi, inabidi kurudi Kindu, dakika nyingine 55, yaani lita 55 zaidi. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa gramu 720 hivi, kwa hiyo mafuta ya kurudi ni kilo 40. Juu ya hayo kuna akiba ya dakika 30 ambayo kanuni za kimataifa zinataka ibaki kwenye tangi hata ukitua salama mchana. “Baba,” akasema, “gunia lako hili ndilo safari yangu ya kurudi. Nikilipakia, nitakuwa nimekata shauri hapahapa kwamba lazima nitue Kasongo, nione nisione.”

Nilikuwa sijawahi kuliwaza jambo hilo hivyo. Petroli ya pikipiki inauzwa kwenye chupa kila njia panda, lakini mafuta ya ndege ndogo yenye injini ya pistoni huwezi kuyakuta ukitua kijijini; unakwenda na yako. Rubani aliyeondoka na mafuta ya kwenda tu amekwisha kujifungia mlango. Hata akiwa na busara ya Suleimani, itakapofika dakika ya kuitumia hana pa kuipeleka.

Gunia lilibaki Kindu. Kabla ya kuwasha injini, Komanda aligeuka akatutazama mmoja mmoja. “Nikigeuza ndege, simwulizi mtu na sibishani na mtu. Asiyeweza kukubali hilo ashuke sasa, pesa yake atarudishiwa.” Hakuna aliyeshuka. Mfanyabiashara aliitikia kwa kichwa. Nadhani kuitikia kule, kwa mtu ambaye sukari yake ilikuwa inasubiriwa na wateja, lilikuwa tendo kubwa kuliko alivyojua.

Tuliruka tukiwa na Lualaba chini yetu. Marubani wa huku wanaupenda mto huu. Ni mpana, haupotei, na ukiufuata kusini unapita usawa wa Kibombo, unaiacha reli ya Kindu kwenda Kongolo upande wa magharibi, kisha Kasongo unaitafuta mashariki ya mto. Lakini mto nao una hila yake. Unamshawishi rubani ashuke, aushike kwa macho, ashuke tena, mpaka anajikuta mita mia juu ya maji, ukungu mbele, miti pande zote mbili, na nafasi ya kugeuka haipo.

Rangi ya hewa ilikuwa kama chai ya maziwa. Ukitazama chini moja kwa moja uliona vizuri kabisa: mitumbwi, visiwa vya mchanga, mwanamke akianika kitu juu ya mwamba. Ukitazama mbele hukuona mahali mbingu inapokutana na nchi. Huo ndio mtego ambao abiria hauoni. Anaona chini, anafikiri anaona.

Nilikaa nyuma yake, nikatazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa akichagua kitu mbele, pembe ya mto au kisiwa, kile kinapochomoza kutoka kwenye moshi anaangalia saa yake ya mkononi. Kinapopita chini ya bawa anaangalia tena. Mara ya kwanza zilikuwa dakika mbili na zaidi. Baadaye dakika mbili kasoro. Ndege hii inakwenda kilomita 200 kwa saa, yaani mita 55 kila sekunde. Ukikiona kitu sekunde 90 kabla hujakifikia, basi unaona kilomita 5 mbele, na kilomita 5 ndicho kipimo ambacho kanuni za kimataifa zinamtaka awe nacho rubani anayeruka kwa macho katika anga za chini. Wapo wanaoruhusiwa kwenda chini ya hapo katika mazingira maalumu. Komanda alikuwa amejiwekea sekunde 90 tangu Kindu, akaziandika kwa kalamu kwenye kiganja.

Tulipopita usawa wa Kibombo, kisiwa kimoja kilichukua sekunde 85. Alichagua kingine. 80. Hakusema neno. Akalaza bawa la kulia, tukaanza kuzunguka.

“Mbona bado tunaona?” mfanyabiashara akapaza sauti juu ya mngurumo.

“Ndiyo maana nageuza,” Komanda akajibu.

Jibu hilo lina hesabu ndani yake, na ningependa kila anayepanda ndege ndogo aijue. Kugeuza ndege kwa utulivu, nyuzi 3 kila sekunde, kunachukua dakika nzima mpaka uelekee ulikotoka. Kwa kasi ile, duara hilo lina upana wa kilomita 2 na kidogo. Rubani anayesubiri mpaka aone kilomita moja na nusu tu anakuwa amechelewa. Atakapogeuka, nusu ya mzunguko wake itapita mahali ambapo macho yake hayajawahi kufika. Kama kuna kilima hapo, atakijua kwa kukigonga. Wakati wa kugeuka ni ule ambao bado kunaonekana hakuna haja ya kugeuka, na ndiyo sababu ni vigumu namna hii. Hakuna atakayekusifu. Abiria watasema siku ilikuwa nzuri, uliogopa bure.

Na rubani asipogeuka, akaingia mahali pasipoonekana kitu? Watu wanafikiri atashikilia usukani kwa uthabiti mpaka atoke upande wa pili. Mwili wa binadamu haukuumbwa hivyo. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo mitatu yenye majimaji, ndiyo inayotuambia tunazunguka au tumetulia. Majimaji hayo hutambua mzunguko unapoanza. Ukiendelea kuzunguka kwa mwendo uleule, yanatulia, na sikio linakuapia kwamba uko sawa. Ardhini macho yanalisahihisha. Ndani ya wingu au moshi mzito macho hayana la kusema, na rubani analiamini sikio. Bawa linalala kidogo, hahisi. Pua ya ndege inashuka, anavuta usukani, na kuvuta huko kunaukaza mzunguko. Ndege inakwenda chini kama maji yanayoingia kwenye shimo la karai.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichukua marubani 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kuruka kwa kutegemea vyombo, kikawazibia macho yasione nje, ndani ya ndege halisi, mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wa kwanza kushindwa alichukua sekunde 20, aliyejitahidi kuliko wote sekunde 480. Wastani ulikuwa sekunde 178, dakika tatu kasoro sekunde mbili. Wimbo mmoja wa redio haujaisha. Kilichonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba marubani haohao, baada ya kufundishwa saa chache mbinu rahisi ya kugeuka na kurudi kwa kutazama vyombo, karibu wote walifaulu. Walikuwa hodari vya kutosha. Walihitaji tu mtu awafundishe kurudi kama jambo lenye thamani yake.

Milima ya mashariki yetu inalijua somo hili. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya misaada ya kibinadamu aina ya Beechcraft 1900, ikitoka Kisangani, iligonga mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa. Watu wote 17 walikufa. Agosti 2020 ndege ndogo ya Let 410 iliondoka Kalima, hapahapa Maniema, ikielekea Bukavu, ikaanguka kwenye msitu wa Kahuzi-Biega kabla ya kuufikia uwanja wa Kavumu. Hakuna aliyepona. Anayetoka Maniema kwenda Bukavu anaacha nchi ya chini na kukutana na ukuta ambao kilele chake cha Kahuzi kina mita 3,308, na mara nyingi ukuta huo umejifunika.

Kenya nayo inaikumbuka tarehe 10 Aprili 2006. Ndege ya jeshi la anga aina ya Y-12 iliwachukua viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kwa ajili ya amani kati ya jamii zinazopigana. Mlima wa Marsabit ulikuwa ndani ya mawingu. Ndege iliugonga, watu 14 wakafa, akiwamo Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Watu 17 walikuwa ndani, safari ilikuwa ya heri, mji mzima unawasubiri. Nani katika hali hiyo angekuwa na kifua cha kusema turudi, tutakuja kesho? Siwalaumu marehemu. Nasema tu kwamba wema wa safari unaongeza uzito kwenye usukani.

Ajali iliyonifundisha zaidi kuhusu sehemu ya abiria ni ile ya helikopta iliyombeba Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, tarehe 26 Januari 2020, kwenye vilima vya Calabasas, California. Watu 9 walikufa, akiwamo binti yake. Rubani alikuwa na uzoefu wa maelfu ya saa, alikuwa amempeleka mteja huyo safari nyingi, na ukungu wa asubuhi ile ulionekana wazi. Wachunguzi wa Marekani walitafuta kama kuna aliyemshinikiza: mteja, kampuni, dalali wa safari. Hawakuona ushahidi wa shinikizo lolote. Walichosema ni kwamba inaelekea rubani alijitia shinikizo mwenyewe, kwa kutaka kumtimizia mteja wake. Akapanda kwenye mawingu, masikio yakamdanganya, akashuka mlimani huku akimwambia mwongozaji wa anga kwamba anapanda.

Hakuna aliyemwambia aende. Lakini pia hakuna aliyemwambia, kwa sauti, kabla ya kuondoka, kwamba akirudi ni sawa. Kimya chetu abiria rubani hukisikia kama haraka. Mtu aliyelipa, aliyevaa nguo za arusi, anayetazama saa, hahitaji kufungua mdomo. Tangu nisome taarifa ile nimeshika tabia moja. Nikipanda ndege ndogo, kabla ya kufunga mkanda, namwambia rubani: “Komanda, tukirudi, mimi sina neno.” Wengine wanacheka. Mmoja aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyoruka hakuwahi kuambiwa hivyo.

Sasa tuje Kabambare, maana huko jambo ni zito zaidi. Kutoka Kasongo ni kama kilomita 120 kuelekea mashariki, njia ileile ya misafara ya zamani iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapumzika Kabambare, ikaendelea Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed tunayemwita Tippu Tip, hadi Nyangwe. Kiswahili tunachokisema huku kilikuja kwa miguu kwa njia hiyo. Msafara ulipokuta mvua ulikaa chini ya miti mpaka ikaisha. Kwa ndege ndogo ni dakika 40, na haina mti wa kukaa chini yake.

Nchi inainuka ukielekea Kabambare, bonde la Luama likiwa katikati ya vilima, na mashariki zaidi safu za Mitumba. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda vilima inapoa na kuwa wingu, kwa hiyo Kasongo inaweza kuwa na jua la kuanikia mpunga wakati Kabambare wingu limelala juu ya vilima. Picha za setilaiti ya Meteosat, ambazo siku hizi unaweza kuzipata kwenye simu kila baada ya dakika chache, zinaonyesha wingu kwa juu. Hazikuambii kama chini yake kuna mita 500 za kupita au wingu limekaa kwenye nyasi. Hilo anaweza kulisema mtu aliyesimama pale tu.

Na sababu za kulazimisha safari ya Kabambare ni za kweli. Mvua ikinyesha barabara inakuwa tope la kumeza pikipiki. Upande wa Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, watu wamesumbuliwa miaka mingi na makundi yenye silaha, na msafiri hupiga hesabu ya usalama kabla ya hesabu ya nauli. Ndege ikishindwa kutua huko, hakuna basi la saa nane. Anayesubiri dawa anaendelea kusubiri.

Nimewahi kukaa na muuguzi mmoja aliyefanya kazi pande hizo, akanieleza jinsi walivyokuwa wakiita ndege kwa foni, ile redio ya misheni, kwa ajili ya mama aliyeshindwa kujifungua. “Tulikuwa tunamweleza rubani kila kitu,” alisema. “Umri wake, damu aliyopoteza, watoto aliowaacha nyumbani. Tulitaka aone uchungu wetu.” Nilimwelewa, ningefanya vilevile. Lakini katika huduma nyingi za ndege za wagonjwa duniani utaratibu ni wa kinyume kabisa: rubani haambiwi mgonjwa ni nani wala ana nini. Anaulizwa swali moja tu, kwa hali hii ya hewa, kutoka hapa hadi pale, unaweza kuruka? Akijibu ndiyo au hapana, ndipo mengine yanafuata. Wamejifunza kwa makaburi. Rubani akijua kuna mtoto anayekufa ng’ambo ya kilima, kilima kinapungua urefu machoni pake.

Muuguzi yule alinyamaza sana nilipomwambia. Kisha akauliza: “Na mama akifa kwa sababu rubani alisema hapana?” Sikuwa na jibu la kumtuliza, na sitajifanya ninalo leo. Najua tu kwamba ndege ikigonga kilima, mama hafiki hospitali ya Kasongo, na pamoja naye wanapotea rubani, muuguzi aliyemsindikiza, na ndege ambayo wiki inayofuata ingemchukua mwingine. Ndiyo maana ninashikilia kwamba hapana ya rubani isiwe na deni. Ikiwa inabidi kulia, tulie pamoja, tusimwachie yeye.

Viwanja vyetu vidogo havihitaji mitambo ya mamilioni ili kumsaidia. Mnara wa RVA, mamlaka ya viwanja vya ndege vya nchi, uko Kindu, wataalamu wa hali ya hewa wa METTELSAT wana kazi yao, na rubani anapaswa kupata taarifa zao kwanza. Lakini kati ya Kindu na Kabambare anayejua kama kilima kipo au hakuna ni mkazi wa pale. Parokia, shule, kituo cha afya, kila mahali ndege inapotua, inatosha kuwa na mtu mmoja aliyefundishwa, daftari moja, na vitu vitatu au vinne ambavyo umbali wake umepimwa. Huyo mtu alipwe kitu kidogo, kwa maana anafanya kazi ya kuokoa maisha. Na afundishwe kutosema “hali nzuri”. Maneno hayo ni ya ukarimu wetu. Mgeni akiuliza habari, tunasema nzuri, hata kama nyumba inavuja. Kwenye simu ya rubani ukarimu huo ni hatari. Aseme anachokiona na asichokiona, basi.

Siku ile tulirudi Kindu saa tano kasorobo. Mfanyabiashara alishuka bila kuaga, akakaa juu ya gunia lake lililobaki, akawa anatazama mbingu ya kijivu iliyokuwa inaonekana haina kosa lolote. Baada ya muda akamwita kijana anunue maji, akampelekea Komanda chupa. Kesho yake saa nne, mzee aliona kilima. Tulifika Kasongo bila tukio lolote, mbuzi wakiwa wamekwisha kufukuzwa. Nilitembea hadi mwisho wa kiwanja kuutazama mwembe wa njia panda kwa macho yangu. Ni mwembe wa kawaida, watoto wameuparamia mpaka matawi ya chini yameng’aa.

Novemba iliyofuata, mvua zikiwa zimekolea, nilikuwa Kindu tena, begi tayari, ndege tayari. Kabla Komanda hajapiga simu, simu yake ikalia. Akaiweka kwenye spika ili sote tusikie. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na mlio wa matone kwenye bati.

“Komanda, nimesimama pale unaponiambiaga. Mwembe nauona na majani yake. Bati la shule linaonekana, halafu linapotea, linarudi. Kilima hakuna. Na huko kilima kilikokuwa kuna weusi unakuja huku. Leo msije.”

“Sawa, Mzee,” Komanda akasema. “Ingia ndani usilowe.”